Nini Imeachia?

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, Ijumaa ya jua kali la kuchoma utosi, na naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Kaa chini kwanza. Weka chini hilo bomba refu ulilokuja nalo, weka na hiyo spana, na usinikunjie uso kama mtu aliyenyimwa chakula. Gari halikimbii. Limekaa katika ua huu tangu kabla hujazaliwa, litangoja mpaka mama yako amalize kusema.

Jana uliniambia unataka kulifufua gari la babu yako, ulipake rangi, ulikodishe kwa maharusi wa mji huu. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Leo asubuhi ukaingia chini yake na tochi, ukatoka na kutu usoni, ukasema, "Mama, kuko ekru moja kule nyuma imekamata mubaya. Imebakia ile moja tu." Nikaingia jikoni. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Ile nati naijua. Naijua kabla yako, na mtu aliyekupa jina aliijua kabla yangu.

Unajua kwamba umeitwa Alimasi kwa ajili ya mjomba wako, kaka yangu wa tumbo moja. Unajua alikufa kijana. Jinsi alivyokufa sikukwambia, kwa sababu ulikuwa mtoto wa kupenda vyuma na sikutaka kukutia woga. Sasa una ndevu, na unataka kulala chini ya gari lile lile. Basi sikiliza.

Yaya Alimasi, ndivyo nilivyomwita kwa kuwa alinizidi umri, alikuwa fundi katika garaji ya Papa Faraji, hapa hapa Kabondo. Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la garaji, mama yetu alikuwa na meza ya chakula. Aliuza lituma ya ndizi za kupondwa, pondu ya majani ya muhogo, na samaki aliowanunua asubuhi kwa wavuvi wa Wagenia, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa binti aliyekwisha kuposwa. Ndoa yangu na baba yako ilikuwa Jumapili inayokuja.

Baba yetu alikuwa amefariki. Gari hili alilileta kwa boti kutoka Kinshasa wakati biashara yake ya vitambaa ilipokuwa bado imesimama, jeusi, lenye usukani mweupe, na watu wa mtaa walikuwa wakitoka nje kulitazama. Alipokufa likabaki juu ya matofali, kuku wakitagia ndani yake. Nilipoposwa, Yaya na wenzake wakalisukuma mpaka garaji huku watoto wakiimba nyuma. Mama alimwambia aache wazimu, bibi harusi anaweza kwenda kwa miguu, nyumba ya mume haiko mbali. Yaya akasema, "Hapana, Mama. Zaituni hataenda kwa bwana yake na miguu sawa mutu anafukuzwa. Ataenda na gari ya papa." Na Yaya akisema jambo, hata umkalie kichwani, hulibadilishi.

Sasa nikueleze desturi ya garaji ile, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Juu ya lango lilining'inizwa ringi la gurudumu la lori, kwa mnyororo. Nati ikigoma, ikamwaga watu jasho siku nzima, kisha ikakubali, yule aliyelala chini ya gari alipiga kelele, "Imeachia!" Hapo hapo aliyekuwa karibu na lango alilipiga ringi kwa spana, ngaa, ngaa, ngaa, na wengine wote wakagonga chochote walichokuwa nacho, ndoo, bati, mlango wa gari. Mtaa mzima ulijua. Wateja wa mama waliacha kula wakacheka. Mimi na mama tulipiga vigelegele. Ilikuwa furaha ya bure, na enzi zile furaha ya bure hatukuiachia ipite.

Papa Faraji mwenyewe hakugonga. Alikuwa mzee wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyatupa kama mawe. Mimi alinigombeza mara nyingi kwa kupita na sahani katikati ya vyuma vyake. Lakini kwa kupita pita kule nilisikia alivyowafundisha vijana wake juu ya nati iliyoshika kutu, na sikusahau. Alisema, "Ekru haiko adui yako. Iko naogopa. Usiiforse." Kwanza usugue kutu kwa brashi ya waya mpaka uone uzi wa chuma. Umwagie mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta machafu ya injini, uende zako, urudi kesho. Uigonge gonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, ili mafuta yaingie. Halafu, na hapa wengi walikuwa wakimcheka, kabla ya kuifungua uikaze kidogo. Kidogo sana. Kutu ikikatika, uifungue robo, uirudishe, umwagie tena. Ikikataa kabisa, ukate kwa msumeno, maana nati ni chuma tu na sokoni ziko nyingine.

Na juu ya yote hayo alikuwa na amri moja. Kriki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Gari likishainuka, linakalishwa juu ya magogo ya lifaki, ule mti mgumu mwekundu. Na gurudumu lililotolewa halilali ovyo, linasukumwa chini ya gari, ili kikiharibika kitu, chuma kianguke juu ya mpira, kisianguke juu ya mtoto wa watu.

Unanisikiliza au unatazama bomba lako? Haya.

Ijumaa ile kazi iliyobaki ilikuwa resori ya nyuma, springi ile ya kubeba gari, upande wa kushoto. Chuma kimoja cha resori kilikuwa kimevunjika, na ili kitolewe ilibidi nati nne zilizo kwa chini zifunguliwe. Zilikuwa zimeoza kwa kutu, maana gari lilikaa miaka kwenye mvua. Yaya alikuwa amezimwagia mafuta tangu Jumatano. Asubuhi ile, nati ya kwanza ikakubali. Tukasikia "Imeachia!" na ringi likalia. Baadaye ya pili. Ya tatu ikachelewa, na ilipokubali mama alipiga kigelegele kirefu mpaka mteja mmoja akamwambia, "Mama, utaungua na mafuta ya samaki!" Nilicheka nikajishika mbavu. Nilikuwa najiona tayari ndani ya gari, mkono wenye hina umetoka dirishani.

Saa sita Papa Faraji akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Kabla ya kutoka alimwambia Yaya, "Ile ya ine uiache. Iko bado kavu. Mwagia mafuta, njoo tusali." Yaya akajibu, "Ndiyo, Papa, niko nakuja."

Hakwenda. Mzee alipopotea tu njiani, lori likaingia, limebeba magunia, limelalia upande mmoja. Dereva alikuwa na haraka, akawaomba vijana magogo alikalishe lori lake. Magogo ya garaji yalikuwa chini ya gari letu. Nilikuwa nimesimama kwenye lango nikikusanya sahani, nilimsikia Yaya kwa masikio haya. Alisema, "Bon, chukueni. Mimi nimebakiza moja tu."

Moja tu. Nalichukia lile neno mpaka leo. Leo asubuhi ulipolitamka, nilitaka kukupiga kofi.

Wakainua gari kwa kriki ya mafuta, wakachomoa magogo, wakampa dereva. Gurudumu lililotolewa lilikuwa limelala kando, karibu hivi, na kijana mmoja alikuwa amelikalia akinywa chai. Hakuna aliyelisukuma chini ya gari. Mimi nilirudi mezani na sahani zangu.

Nati ya nne ilikataa. Yaya akamwita rafiki yake Augustin, kijana wa Isangi, mwenye mikono minene ya watu waliozaliwa na kasia. Wakachukua bomba refu, kama hili lako, wakalichomeka kwenye mkia wa spana. Yaya akalala chini ya gari kuishikilia spana isiteleze, Augustin akabaki nje kulivuta bomba. Wakaanza. Augustin anavuta, gari linatikisika, kriki inatikisika nalo. Tulikuwa tukisikia sauti ya Yaya kutoka chini, "Vuta! Vuta tena! Tia nguvu, tonton, ama umekula pondu bila samaki?" Watu wakacheka. Mama akacheka pia, akasema yule mtoto atakufa na mdomo wake. Alisema hivyo, mwanangu, kwa utani, kama mama wote wanavyosema.

Kisha tukasikia, "Imeachia!"

Ringi likalia. Ngaa, ngaa, ngaa. Ndoo zikagongwa, bati likagongwa, hata dereva wa lori aligonga mlango wake. Mama akatupa mwiko, akapiga kigelegele, na mimi nikapiga changu, nikakirefusha kwa sababu kilikuwa cha harusi yangu. Tukamsikia tena, "Imeachia! Imeachia!" Tukadhani anajisifu. Tukazidisha. Kuna sauti nyingine ilifuata, sikuisikia vizuri, ilikuwa imefunikwa na vyuma. Mama alikuwa ameshachukua sahani, anampakulia lituma na samaki mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amemfichia tangu asubuhi. Akaniambia, "Mupelekee ndugu yako, anastahili." Nikavuka barabara na sahani mkononi, nacheza.

Nati haikuachia. Kriki ndiyo iliyoachia.

Pampu yake ilikuwa mbovu ndani, na kutikiswa kule kulimaliza kilichobaki. Mafuta yake yakaanza kutoka, na gari likaanza kushuka. Halikuanguka kwa kishindo, mwanangu, na hilo ndilo linalonitesa. Lilishuka polepole. Yaya aliliona linamjia kifuani, akasema kweli tupu, kwa neno alilokuwa nalo mdomoni tangu asubuhi. Alisema imeachia. Na sisi tukamshangilia. Gurudumu lilikuwa pale, hatua moja, chini ya matako ya mtu mwenye kikombe. Lingesukumwa, Yaya angetoka na michubuko, Papa Faraji angemtukana, mimi ningempa sahani yake.

Nilipofika langoni, wa kwanza kunyamaza alikuwa Augustin. Alikuwa ameona miguu ya Yaya ikipiga piga vumbi kisha ikatulia. Akapiga magoti, akachungulia, akaanza kulia kwa Kilokele chake. Wengine walikuwa bado wanagonga. Ilibidi nipige kelele mimi ndipo wanyamaze. Waliliinua gari kwa mabega, watu wa barabarani wakaja kusaidia, wakamtoa. Alikuwa bado anapumua kidogo. Alinitazama. Sijui kama aliniona. Hakufika hospitali.

Papa Faraji alirudi na msala begani, akakuta umati. Hakulia siku ile, wala siku ya maziko. Siku ya tatu ya matanga alikuja nyumbani kwetu, akaketi mbele ya mama, vijana wake wote nyuma yake, na watu wakangoja aseme kwamba ni mapenzi ya Mungu. Alisema hivyo, ndiyo. Kisha akawageukia vijana. "Nilifundisha mikono yenu," alisema. "Masikio sikufundisha. Munasikia sauti, munafurahi. Hakuna hata mumoja aliuliza: nini imeachia?" Halafu akanitazama na mimi, msichana wa harusi, akasema, "Na wewe vilevile, binti yangu." Nilidhani ardhi itanimeza.

Kwa muda mrefu nilimchukia kwa maneno yale. Nilisema moyoni, mimi ni mwuza lituma, ningejuaje habari za kriki? Na kweli sikujua, sibebi dhambi ya nisichokijua. Lakini miaka imepita, na nimeona kwamba mzee hakuwa akinihukumu. Alikuwa ananipa kitu cha kuokoa watu wengine, kwa sababu wa kwangu alikuwa amekwisha kwenda. Uchungu ulimfanya akitoe kwa ukali, basi.

Ringi aliliteremsha kwa mikono yake mwenyewe, na garaji ile haikugonga tena chuma kushangilia mpaka alipokufa. Augustin alirudi Isangi, akashika kasia, hakugusa spana tena. Mama aliendelea kuuza, lakini samaki mkubwa hakumfichia mtu. Ndoa yangu iliahirishwa. Ilipofungwa, nilikwenda kwa baba yako kwa miguu, asubuhi, bila ngoma, mama ameshika mkono wangu mmoja na mkono mwingine hauna wa kuushika.

Gari hakuna aliyelitaka. Lilirudishwa kwenye ua huu wa babu yako likiwa na resori yake iliyovunjika, na ile nati ya nne hakuna aliyeigusa tena. Ndiyo uliyoikuta leo. Bado imeshika.

Watu wa ukoo hudhani mimi ni mwanamke wa roho ngumu, asiyependa kushangilia. Waulize shangazi zako. Siku nilipokuzaa, mkunga alisikia umelia, akafungua mdomo apige kigelegele. Nilikuwa nimechoka kufa, lakini nilimshika mdomo kwa kiganja changu. Nikamwambia, "Nioneshe kwanza." Akakuinua, nikakuhesabu vidole, nikaona kifua kinapanda na kushuka. Ndipo nikamwambia, "Haya, sasa piga." Alinicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nililia machozi yangu mwenyewe.

Basi, mwanangu, sikukatazi. Ningekuwa mjinga kukukataza, ungesubiri niende sokoni uingie chini peke yako, nakujua. Gari hili ulifufue. Ninachotaka ni hiki. Leo usiifungue. Isugue, uimwagie mafuta, uende ukale. Kesho uigonge taratibu, uikaze kidogo kabla ya kuifungua, kama alivyosema mzee wa watu. Ikikataa, ikate, sitaki kusikia habari ya kuitunza. Kriki iinue tu, magogo ndiyo yabebe, na kama magogo yanahitajika kwa mwingine, mwingine huyo angoje, hata akiwa gavana. Gurudumu likae chini ya gari. Na siku moyo wako utakapokwambia imebaki moja tu, siku hiyo toka, unawe mikono, ukakae kivulini mpaka moyo huo unyamaze. Zile tatu zilizokubali ndizo zilizomdanganya mjomba wako. Ya nne haikumdanganya, ilimwambia hapana tangu asubuhi.

Na si kwa vyuma peke yake. Mtu akikuletea kelele za furaha, mke, rafiki, mwanasiasa wa barabarani, usianze kugonga ndoo kwa sababu wengine wanagonga. Uliza kwanza. Kuuliza hakuharibu furaha yoyote iliyo ya kweli, itakungoja.

Mungu akukinge, Alimasi wangu, na vyote vinavyoshuka polepole. Akupe mikono ya mjomba wako na masikio ambayo sisi hatukuwa nayo. Akupe na watu wa kukusikia. Nenda sasa, kachukue brashi. Mimi nitaleta kiti changu hapa, karibu na gurudumu, na nitakaa siku zote utakazolala chini ya gari hilo, nikimenya ndizi zangu. Ukipiga kelele "Imeachia," sitacheka wala sitapiga kigelegele. Nitauliza, "Nini?" Na wewe unijibu, mwanangu. Unijibu.